Kabla Lori Halijafika Kiamunyi

Watu wa kampuni ya kuhamisha hubeba wanachokikuta. Wakikuta pipa la taka halijamwagwa, watalifunga pamoja na taka zake. Wakikuta funguo za nyumba mpya zimelala juu ya kabati, zitaingia kwenye katoni moja na vijiko, na jioni familia nzima itasimama mbele ya mlango usiofunguka. Hilo la funguo lilimpata dada yangu mkubwa alipotoka Eldoret kwenda Bungoma. Hakuna aliyefanya uzembe. Vijana waliambiwa wafunge chumba, wakakifunga chote.

Ndiyo maana mume wangu alipohamishwa kikazi kwenda Kisumu, na tukakubaliana kwamba safari hii hatutaomba kanta ya rafiki na mashemeji wa kubeba bali tutalipa kampuni, sikuona kwamba kazi imetuondokea. Niliona ndiyo kwanza imeanza. Kampuni inakuuzia nguvu na ujuzi wa kufunga. Haikuuzii uamuzi. Lolote ambalo wenye nyumba hawajaliamua kabla ya siku hiyo litaamuliwa na mkono wa mtu asiyewajua, akiwa na haraka, lori likimngoja nje.

Tulikuwa tunaishi Kiamunyi, Nakuru, kwenye barabara ya kwenda Kabarak, nyumba ya chini yenye ua na banda la kuku. Tulikuwa mimi na mume wangu, watoto wawili, dada aliyenisaidia kazi za nyumbani, na mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kukhu na ambaye ana kisukari na hutumia insulini. Kule Kisumu mume wangu alipata nyumba mtaa wa Migosi, ghorofa ya pili. Kutoka ua kwenda ghorofani, kutoka baridi ya Nakuru kwenda joto la ziwani, na mgonjwa tukiwa naye: kila moja ya hayo lilidai matayarisho yake.

Mume wangu alitangulia. Kitu cha kwanza nilichomwomba si picha za sebule. Nilimwomba atafute futi kamba, apime upana wa mlango wa mbele, upana wa ngazi, nafasi iliyopo pale ngazi zinapokata kona, na urefu kutoka sakafu hadi dari. Alinitumia vipimo jioni hiyo, nami nikapima vyetu. Kochi letu la kona, ambalo seremala alilitengeneza kwa fremu moja ya kupigilia misumari, lisingeweza kugeuka pale kwenye kona ya ngazi. Kabati la nguo, ingawa ni refu kuliko kochi, lingepita, kwa sababu limeshikwa kwa skrubu na hufunguka vipande vipande. Msumari na skrubu ndivyo vilivyoamua kipi kiende na kipi kibaki. Kochi tukalitangaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, likachukuliwa na majirani, na fedha zake tukaziweka kwa ajili ya kuagiza lingine Kibuye, ambako mafundi wa Kisumu hupanga samani zao kando ya barabara na mtu hujionea mbao kabla ya kulipa.

Nalisisitiza hili la kupima kwa sababu nimewaona watu wakilipia nafasi kubwa ya lori kwa kochi ambalo mwisho wake ni kulala nje usiku wa kwanza, mvua ikilinyeshea. Pima na lango pia. Muulize keateka, yaani mtunza jengo, kama nyaya za intaneti zinaning'inia chini, na kama lori kubwa huweza kugeuka mbele ya jengo. Kule Migosi lango lilitosha, ila njia ilikuwa na gari bovu lililoegeshwa upande mmoja, na mume wangu alimwomba mwenyewe alisogeze siku moja kabla. Jambo dogo hilo liliwaokoa vijana kubeba kila kitu kwa mikono kutoka barabara kuu.

Kuku walikuwa jambo zito kuliko kochi. Kampuni tuliyoipata haibebi viumbe hai, na hata kama ingebeba, ghorofa ya pili haina mahali pa kuku kuchakura. Ningeweza kuwauza siku ambayo Kukhu yuko kanisani na kumwarifu baadaye. Watu wengi huwafanyia wazee wao hivyo, wakidhani wanawapunguzia uchungu. Mimi naamini mzee anayeng'olewa nyumbani bila kuulizwa lolote hufika kule aendako amekwisha kuvunjika moyo. Nilikaa naye jikoni nikamwambia, "Mama, kule tunakokwenda hakuna ua. Hawa kuku tuwafanyeje?" Siku hiyo hakunijibu. Kesho yake asubuhi alikuwa na jibu kamili: wawili wanaotaga waende kwa jirani aliyetupeleka hospitali usiku mmoja alipozidiwa, wengine wauzwe, na jogoo aliwe siku ya kuwaaga majirani. Siku ya jogoo alikuwa jikoni tangu alfajiri akielekeza jinsi ya kukaanga.

Dada wetu wa kazi naye alikuwa na uamuzi wake. Mama yake yuko Molo na hakutaka kwenda mbali naye. Tulimwambia habari za kuhama siku ileile tulipozijua sisi wenyewe, ili apate muda wa kutafuta kazi nyingine, na familia moja ya Ngata iliyotafuta msaidizi ikampokea. Mshahara wake wa mwisho na haki zake tulimpa kabla ya siku ya lori, wakati kuna utulivu wa kuhesabu pamoja na yeye kuridhika. Kwenye mahesabu ya kuhama watu huandika katoni na lori. Mtu aliyewalea watoto wao huachwa asikie habari akipanga vyombo. Si haki.

Sasa kampuni yenyewe. Tulizungumza na zaidi ya moja. Moja ilitaja bei kwa simu papo hapo, nayo ilikuwa nafuu. Nikauliza, "Na kama mizigo haitaingia kwenye lori mtakaloleta?" Nikajibiwa, "Tutaongea hapo hapo, madam." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niachane nao. Hapo hapo ni saa ambayo nyumba iko nje, mwenye nyumba anadai funguo, na wewe huna njia ila kukubali bei yoyote. Nyingine ilimtuma msimamizi aje aone. Alikuwa kijana mpole mwenye daftari. Alifungua makabati, akachungulia chini ya vitanda, akaingia stoo, akatoka uani akaangalia tangi la maji na nguzo za kuanikia nguo. Aliuliza nina vitabu vingapi, kwa sababu vitabu ndivyo vinavyovunja migongo na kupasua katoni. Aliuliza ghorofa ni ya ngapi na lori litasimama umbali gani kutoka ngazini. Bei yao ilikuja kesho yake kwa maandishi, ikiwa ya juu kidogo, na kila kitu kimo: lori la ukubwa gani, vijana wangapi, vifaa vya kufungia, kufungua vitanda na kuviunga upya kule, na malipo nusu kabla na nusu baada ya kushusha.

Kuna swali ambalo wengi huona haya kuliuliza, nalo ni la bima. Niliuliza kama mizigo ina bima ikiwa safarini, na nikaomba kuona cheti. Wakanionyesha. Niliuliza pia ni nini bima hiyo haigusi. Nikaambiwa fedha taslimu, vito na hati haziguswi, na kwamba katoni niliyoifunga mwenyewe, kikivunjika kilichomo, ni vigumu kudai, kwa kuwa wao hawakuona kilivyofungwa. Kutokana na jibu hilo nikaamua nguo, vitabu na vyombo vya plastiki nifunge mimi, na kila kinachovunjika wafunge wao. Swali moja likagawa kazi yote.

Kukhu aliposikia habari ya daftari la msimamizi alifurahi sana. "Mali bila daftari," akaanza, na watoto wakamalizia, "hupotea bila habari." Nasi tukanunua letu. Kila katoni ilipewa namba, na namba hiyo ikaandikwa ubavuni, pande mbili, wala si juu tu, maana katoni zikipandanishwa maandishi ya juu hufunikwa. Daftarini, mbele ya namba, tukaandika kilichomo na chumba kiendako. Mwanangu wa kwanza, ambaye yuko darasa la tano na ana mwandiko mzuri, ndiye aliyekuwa karani. Kazi hiyo ilimtuliza. Alikuwa amelia aliposikia ataacha shule na marafiki, na siku zile za kuandika namba alianza kuuliza habari za Kisumu, kama kuna bwawa la kuogelea, kama kweli viboko huonekana kutoka ufukweni. Barua ya uhamisho kutoka shuleni tuliiomba mapema, pamoja na ripoti zake na nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa sababu shule ikishafunga muhula kumpata wa kutia sahihi ni kazi.

Katoni tulizipata madukani, zile za mafuta ya kupikia na sabuni, na nyingine kubwa zikaletwa na kampuni. Nguo za kitanda tulizifunga kwenye magunia safi. Zamani tungetumia mifuko mikubwa ya plastiki, lakini tangu katazo la tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ile ya kubebea haipo, na kwa kweli gunia ni imara zaidi. Glasi na vikombe, vijana wa kampuni walivifunga kwa magazeti na nailoni ya viputo. Sahani walizisimamisha kwa ubavu badala ya kuzilaza, maana sahani zilizolazwa hubeba uzito wa zote zilizo juu, na lori likipiga shimo ya chini hupasuka. Leso zangu zote zilipata kazi: kuzungushia sufuria zisikwaruzane, kufunikia kioo cha kabati, kujazia nafasi kati ya vitu.

Chungu cha Kukhu ndicho kilichokuwa mtihani. Ni chungu cha udongo anachopikia mboga za kienyeji tangu ujana wake, chembamba mdomoni na kizito chini. Msimamizi alikishika, akamtazama, kisha akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, wewe ulikuwa ukikibeba vipi?" Kukhu akachukua kitambaa, akakisokota kuwa kata, akaiweka sakafuni, akakalisha chungu juu yake. Ndani akajaza sweta za watoto. Kijana hakubadilisha chochote. Alichukua karai, akaweka kata, akakalisha chungu, akazungushia blanketi, akaandika kwa kalamu nene KISIWEKEWE KITU JUU, na katika lori akakiweka mwisho kabisa ili kitoke kwanza. Nilimheshimu sana yule kijana kwa kuuliza.

Friji hudai maandalizi ya wiki nzima. Tulianza kula vilivyokuwa kwenye barafu, tukaacha kununua nyama ya akiba. Siku moja kabla ya safari tukaizima, tukaipangusa, tukaacha mlango wazi ikauke, maana friji iliyofungwa ikiwa na unyevu hutoka na harufu isiyoondoka upesi. Njiani ilisimama wima. Sababu yake ni kwamba ndani ya kompresa kuna mafuta, na friji ikilazwa mafuta hayo huweza kuingia kwenye mirija ya gesi. Hata ikisafiri wima ni vizuri kuiacha itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na ikilazwa ni bora ingoje hadi siku nzima. Mashine ya kufulia ina bolti zake za safari nyuma, zinazoshika pipa la ndani lisichezecheze. Zetu zilikuwa kwenye droo ya mume wangu, ndani ya bahasha ya kitabu cha maelekezo. Televisheni ilisafiri imesimama kati ya magodoro mawili, haikulazwa, kwa kuwa kioo chake kikilazwa hakina kinachokishikilia katikati. Kabla ya kuchomoa nyaya nilizipiga picha kwa simu. Skrubu za kila kitanda zilitiwa kwenye mfuko mdogo na kufungwa kwa selotepu kwenye mbao za kitanda chenyewe.

Lakini friji ikizimwa siku moja kabla na kuwashwa siku moja baada ya kufika, insulini ya mgonjwa inakaa wapi? Hili ndilo lililoninyima usingizi, na sijaona watu wakilizungumza. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na zisigande, kwa sababu insulini iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka. Ile iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, huweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti. Nakuru ina hali ya hewa ya baridi kidogo. Mchana wa Kisumu hufika karibu nyuzi 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupanda kupita hapo. Nilimwendea mfamasia wetu, nikamweleza safari nzima. Akaniagiza kisanduku cha baridi, kama kile wahudumu wa chanjo wanachokibeba begani, na vipakiti vya barafu vikifungwa kwa kitambaa ili chupa isigusane nayo. Jirani alitugandishia vipakiti hivyo, kwani friji yetu ilikuwa imezimwa. Kisanduku hakikuingia kwenye lori wala kwenye buti. Kilikaa miguuni mwangu, pamoja na glukomita ya kupimia sukari, sindano, dawa za presha, na chakula chake cha saa zake, maana mgonjwa wa kisukari hawezi kuambiwa angoje mpaka tufike.

Mwenye mzee, mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani, tafadhali anzia hapo. Vyombo hununuliwa tena.

Tarehe tuliichagua katikati ya wiki na katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi, hasa Jumamosi, kila mpangaji anahama, kampuni zina kazi nyingi kuliko malori, na vijana hufika kwako wakiwa wamechoka kutoka nyumba nyingine. Ililazimu tulipe kodi ya siku chache za ziada Kisumu, na ilifaa. Saa tuliichagua kwa kufikiria barabara. Kutoka Nakuru, iliyo kwenye mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha huteremka kupitia Kericho, Awasi na Ahero hadi Kisumu, penye mita zipatazo 1,130. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na mara nyingi huja alasiri. Tulitaka lori liwe limepita huko kabla ya saa nane mchana. Pamoja na hayo nilihakikisha turubai liko na halina matundu, nikaliona kwa macho yangu likiwa limetandazwa.

Kupanda na kushuka kule kuna athari nyingine. Lori likipanda, mzigo husukumwa nyuma; likiteremka husukumwa mbele. Vijana walipanga vitu vizito nyuma ya kichwa cha lori, wakafunga kamba kila baada ya safu, si mwishoni tu. Na hewa iliyofungiwa kwenye chupa Nakuru hutanuka ukifika Mau Summit. Mafuta ya kujipaka, shampuu, mafuta ya kupikia yaliyobaki nusu, vyote huvuja visipokazwa. Tulivikaza, tukavisimamisha ndani ya ndoo yenye gazeti chini, mbali na nguo.

Mtungi wa gesi kampuni ilikataa kubeba ukiwa na gesi, na ilifanya vyema. Mafuta ya taa pia hayakupanda. Jirani alinunua mtungi wetu, sisi tukanunua mwingine Kisumu. Magunia ya mkaa tuliwaachia wenyeji.

Mambo ya stima na maji nayataja kwa ufupi. Tokeni ni za mita, na mita ni ya nyumba, kwa hiyo wiki ya mwisho tulinunua kidogo kidogo. Namba ya mita ya Migosi mume wangu aliichukua kwa keateka, akanunua tokeni akahakikisha zimeingia na kwamba hakuna deni la mpangaji aliyetangulia. Bili ya maji ya Nakuru tuliilipa yote, risiti ikaambatanishwa na barua tuliyokuwa tumempa mwenye nyumba mwezi mmoja kabla. Siku ya mwisho, nyumba ikiwa tupu, tulipita chumba kwa chumba na keateka, nikipiga picha kuta, sinki na vitasa. Depositi haibishaniwi vizuri kwa kumbukumbu.

Asubuhi ya lori, stoo yetu ilikuwa imefungwa kwa kufuli na karatasi mlangoni: HUMU HAKUNA KINACHOPAKIWA. Ndani mlikuwa na kisanduku cha Kukhu, mkoba wa hati zote, vyeti vya shule na vya kuzaliwa, daftari la kliniki la mtoto mdogo, funguo za Kisumu, chaja, sare za shule, na begi la usiku wa kwanza. Begi hilo lilikuwa na sabuni, taulo, sufuria mbili, majani ya chai, mshumaa, bisibisi, balbu, na neti za vitanda vyote. Neti niliziweka juu kabisa. Maeneo ya ziwani yana malaria mwaka mzima, na watoto waliolelewa Nakuru hawajaizoea. Mablanketi mazito yalikwenda chini kabisa ya gunia la mwisho.

Watoto na Kukhu walikuwa kwa jirani tangu saa kumi na mbili. Mtoto akikimbia kati ya watu waliobeba kabati ni hatari, na mzee akitazama kitanda chake kikifunguliwa huumia. Vijana walipofika niliwapa chai na mandazi kwanza, nikawaonyesha choo na maji ya kunywa, nikawapitisha nyumba yote mara moja nikiwa na daftari, nikisema kinachokwenda, kinachobaki, na kilicho chepesi kuvunjika. Baada ya hapo nilinyamaza na kukaa mlangoni kuhesabu. Watu wanaojua kazi hawahitaji kusimamiwa kila hatua. Wanahitaji mtu mmoja wa kumwuliza, na mtu huyo asiondoke. Niliandika namba ya lori, na jina la dereva kama lilivyo kwenye kitambulisho. Barua ya mwenye nyumba ya kuruhusu mizigo itoke nilimpa msimamizi aibebe, askari wakimsimamisha aioneshe.

Kisumu mume wangu alikuwa amebandika karatasi kwenye kila mlango: chumba cha Kukhu, cha watoto, chetu, jiko, sebule. Namba za katoni zikafuata karatasi. Vitanda viliungwa kwanza, neti zikaning'inizwa kabla ya jua kuzama, chungu kikakaa jikoni, na Kukhu akakagua mdomo wake kwa kidole pande zote.

Msimamizi alileta fomu ya kutia sahihi vijana wakiwa tayari wamechoka na wanataka kuondoka. Hapo ndipo watu wengi hutia sahihi kwa huruma. Niliwapa soda, nikawaomba wakae, nikafungua katoni za vioo na kukagua samani kwa daftari. Kila katoni ilikuwapo. Mguu mmoja wa meza ya kulia ulikuwa umechubuka na kupata ufa. Nilimwonyesha msimamizi, tukaupiga picha pamoja, akaandika kwenye fomu kwa mkono wake, ndipo nikatia sahihi na mume wangu akatuma nusu iliyobaki kwa M-Pesa. Hakukuwa na neno la hasira hata moja. Wiki iliyofuata kampuni ilimtuma fundi akabadilisha mguu.

Friji tuliiwasha asubuhi. Ilipopoa tukahamishia insulini humo, na katoni zilizobaki tupu tukazikunja tukampa jirani wa ghorofa ya kwanza, anayehamia Siaya mwezi ujao.